Kumwaga maji nako ni kulima

Wanaolima mboga kwenye ndoo katika pwani ya Bagamoyo huhangaikia mbolea, ilhali mavuno yao hutegemea zaidi siku wanayoyatoa maji ya zamani

Kutoka Bunju kwenda Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo hadi Bagamoyo mjini, visima havifanani. Huyu huchota maji baridi, chai yake ikanyweka bila kasoro. Jirani yake, hatua chache kuelekea baharini, huchota maji ambayo sabuni haitoi povu, na mchicha unaomwagiliwa maji hayo huungua ncha za majani. Anayelima ardhini husaidiwa na mvua: masika yakishuka, chumvi iliyojikusanya juu huoshwa ikazama chini ya mizizi, na msimu mpya ukaanza na udongo uliopumzika. Anayelima kwenye ndoo hana msaada huo. Chumvi iliyoingia ndani ya ndoo haina pa kutokea mpaka mwenyewe aitoe kwa mkono wake, siku anapomwaga maji ya zamani na kutia mapya.

Kilimo cha ndoo ni tawi la haidroponiki, yaani ukuzaji wa mimea kwa maji yenye virutubisho pasipo udongo. Vifaa vyake vimo majumbani mwetu: ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, kikombe cha plastiki kilichotobolewa na kupachikwa kwenye kifuniko hicho, kokoto au makumbi ya nazi ya kuushikilia mche, na pengine pampu ndogo ya hewa kama ile ya tangi la samaki wa mapambo. Mizizi huning'inia ndani ya maji na mbolea huyeyushwa humo humo. Kwa mtu mwenye kiwanja kidogo, au mwenye mchanga mtupu usiokaa na maji, hii ni njia ya kweli ya kupata nyanya, pilipili hoho na mboga za majani karibu na mlango wa jiko.

Anayeanza hufundishwa mbegu, mbolea na namna ya kutoboa kifuniko. Kumwaga maji hutajwa mwishoni, kana kwamba ni kazi ya usafi tu. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ndani ya ndoo, maji ndiyo shamba. Kujua lini yatolewe, yatolewe vipi na yamwagwe wapi ni sehemu ya ukulima wenyewe, na katika mwambao wenye chumvi na joto kama wetu ni sehemu kubwa. Ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi haiwezi kuletwa Bagamoyo ikafuatwa kama ilivyo.

Elimu iliyokuzwa na uhaba

Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakikuza mimea majini katika maabara zao tangu karne ya 19, wakitaka kujua mmea unakula nini hasa. Aliyeitoa elimu hiyo maabara na kuipeleka kwa wakulima ni William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, aliyeanza kuitangaza mwaka 1929 na kuipa jina la haidroponiki mwaka 1937. Mwaka uliofuata, wenzake wa chuo hicho hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, walichapisha maelezo ya mchanganyiko wa virutubisho ambao wanafunzi wa kilimo wanausoma mpaka leo. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilikuwa likilima mboga kwa njia hii katika kisiwa cha Ascension, kisiwa cha mawe ya volkano katikati ya Atlantiki, likitumia maji ya bahari yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake ili yawe baridi.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Oman. Mwambao wa Batinah, nchi ya mitende na ndimu ambayo watu wake wana udugu wa karne nyingi na Bagamoyo na Unguja, ulimwagiliwa vizazi na vizazi kwa visima vya kuvutwa na ng'ombe. Zilipoingia pampu za injini, maji yalivutwa kwa wingi kuliko mvua ilivyoweza kurudisha, na bahari ikasogea chini kwa chini mpaka mashamba ya karibu na ufuko yakaharibika kwa chumvi. Serikali ilijenga mabwawa ya kuzuia mafuriko ili maji yazame ardhini, likiwamo bwawa la Al Khoud la mwaka 1985. Baadhi ya wakulima wakahamia kwenye vitalu nyumba vyenye matango yasiyogusa udongo, ambako kila lita ya maji hupimwa. Kwao kipimo cha chumvi kimekuwa cha lazima kama jembe.

Maji hunyweka, chumvi hubaki

Wenyeji wa Bagamoyo wanajua vizuri jinsi chumvi inavyopatikana. Maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, jua huyakausha, na kinachobaki huchotwa na kujazwa magunia. Ndoo ya nyanya ni jaruba dogo. Mmea hunywa maji mengi na kuyatoa kwa majani, lakini sodiamu na kloridi huchukua kidogo sana. Mkulima huongeza maji ya kisima kila jioni ili kiwango kisishuke, na kila anapoongeza anatia chumvi nyingine juu ya ile iliyobaki.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mama mmoja wa Kiromo ana ndoo kumi za nyanya, kila moja ina lita 16 za maji na nafasi ya hewa juu yake. Kisima chake kina miligramu 200 za sodiamu kwa lita, kiasi ambacho ulimi unaanza tu kukitambua. Siku ya kwanza kila ndoo ina gramu 3.2 za sodiamu. Nyanya iliyokwisha kuzaa, katika jua la kaskazi, huweza kunywa kama lita 2 kwa siku, naye huzirudisha kwa maji yale yale. Baada ya siku 8 ameongeza lita 16, na sodiamu imefika miligramu 400 kwa lita. Baada ya siku 16 imefika 600. Angekuwa na maji yenye miligramu 20 tu kwa lita, ingemchukua zaidi ya miezi miwili kufikia pale alipoanzia na kisima chake.

Humo mna mtego unaowanasa hata wenye vifaa. Wakulima wengi wa haidroponiki hutumia kalamu ya kupimia EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa sababu mbolea ikiyeyuka huongeza uwezo huo. Kwa nyanya EC hutakiwa iwe kati ya 2 na 3.5, kwa letusi chini zaidi, kama 0.8 hadi 1.2. Lakini kalamu haibagui. Sodiamu ya miligramu 400 kwa lita ikiwa ni chumvi ya kawaida inatosha peke yake kuifikisha kalamu karibu na 2. Mkulima anasoma, anaridhika kuwa chakula kipo, kumbe mmea una njaa ndani ya maji ya chumvi. Majani huungua pembeni, nyanya huoza kitako kwa kukosa kalisi, naye anaenda dukani kutafuta dawa ya ugonjwa.

Ndiyo maana kanuni bora ya kumwaga haifuati kalenda. Inafuata lita. Andika kila unachoongeza. Jumla ya lita ulizoongeza ikilingana na maji yaliyomo ndani ya ndoo, siku ya kumwaga imefika. Kwa nyanya ya yule mama ni siku 8 wakati wa kaskazi, na zaidi ya hapo kusi inapovuma Juni hadi Septemba na mimea inapokunywa kwa utulivu. Kwa letusi au mchanganyiko wa mboga za majani zinazovunwa mapema, ndoo huweza kukaa wiki nyingi. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii amejulikana kwa njia ya kujaza chombo mara moja, bila pampu, na kuvuna letusi kabla maji hayajahitaji kubadilishwa. Njia hiyo ni nzuri na rahisi, lakini imejengwa juu ya maji yasiyo na chumvi nyingi mwanzoni.

Kinachotokea chini ya visima

Kwa hiyo kazi huanza kwenye chanzo. Wageni wanaokwenda kwenye magofu ya Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo, huonyeshwa kisima cha maji baridi kilicho karibu kabisa na bahari, ambacho wenyeji husema hakikauki. Visima vya namna hiyo vina maelezo ya kisayansi. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanapozama kwenye mchanga na mawe ya matumbawe hukaa juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika haraka. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, walionyesha uwiano wake: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo.

Uwiano huo ni neema kwa anayechota kwa ndoo na kamba. Kwa anayevuta kwa pampu usiku na mchana ni hatari, maana usawa wa juu ukishuka kwa mita moja, mpaka wa chini huweza kupanda kwa makumi ya mita. Viwanja vinavyozidi kujengwa kando ya barabara ya Bagamoyo huja na visima virefu, na kila kisima huvuta kutoka kwenye hazina ile ile. Mwenye ndoo zake apime maji mara mbili kwa mwaka: Februari au Machi kabla ya masika, na Oktoba kabla ya vuli, kwa kuwa kiangazi ndipo kisima kinapoonyesha chumvi yake ya kweli. Kisima kilichopimwa Mei, baada ya mvua, humpa mtu moyo asiostahili kuwa nao.

Kipimo cha EC chini ya 0.5 ni maji mazuri kwa ndoo. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huona maji ya umwagiliaji yaliyo chini ya 0.7 hayana tatizo la chumvi, na yaliyo juu ya 3 yana tatizo kubwa. Lakini mwongozo huo ni wa mashamba ya ardhini, ambako mvua husafisha. Kwenye ndoo, maji yaliyopita 1 tayari yanamlazimu mtu amwage mara kwa mara au ayachanganye na maji mengine.

Maji mengine ni yapi? Ya kwanza ni ya bomba. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 wilayani Bagamoyo na baadaye kupanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, hupeleka maji ya mto Ruvu kwa wateja wa DAWASA. Maji ya mto yana faida ya kutotoka chini ya ufuko. Yana klorini ya kuua vijidudu, kwa hiyo yaachwe usiku mmoja kwenye chombo kipana kabla ya kuingia kwenye ndoo. Lakini mto nao hupungua: Oktoba 2022 Ruvu ilishuka mpaka wakazi wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa mgao. Mkulima wa ndoo awe na akiba ya kutosha kubadilisha ndoo zake zote mara moja. Kwa ndoo kumi za lita 16 ni madumu manane ya lita 20.

Ya pili ni ya mvua, na hapa pwani tunayo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mwambao huu hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Bati la mita 5 kwa 8, hata ukiondoa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukia nje na kuoshea vumbi, hukusanya kama lita 32,000. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ipite, maana huteremka na vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Zinazofuata ni maji bora kuliko ya kisima chochote cha ufukweni, na nusu kwa nusu na maji ya kisima huweza kukiokoa kisima kilichokuwa hakifai.

Jambo jingine linalotokana na matumbawe ni ugumu wa maji. Mawe yale yale yaliyojengea majumba ya kale ya Bagamoyo huyeyuka kidogo kidogo na kuyatia maji ukali wa chokaa, pH ikapanda juu ya 7.5. Mimea ya ndoo hupenda 5.5 hadi 6.5. Ikipita hapo, madini ya chuma huganda na kutonyonyeka: majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi hutia limau au siki. Husaidia kwa siku moja mbili, kisha bakteria huila asidi hiyo na pH ikarudi juu. Anayetaka nafuu ya kudumu hutumia asidi ya fosforasi au ya naitriki kwa matone, amevaa glavu na miwani, akitia asidi ndani ya maji na kamwe asitie maji ndani ya asidi.

Joto huondoa hewa

Mizizi hupumua. Ndani ya ndoo inapumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kuishika. Maji ya nyuzi 20 huweza kubeba kama miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, na wakati huo huo mizizi inataka hewa zaidi. Ndoo nyeusi iliyowekwa juani Januari, saa nane mchana, hupita nyuzi 30 bila shida. Hapo ndipo huingia Pythium, kiumbe jamii ya ukungu wa maji anayeigeuza mizizi kuwa kahawia na telezi, yenye harufu ya kuoza. Akishaingia, kuongeza mbolea hakusaidii kitu. Maji yote hutolewa, ndoo husafishwa, na mara nyingi mmea wenyewe huaga.

Kinga yake ni ya mikono na akili. Ndoo ifukiwe mchangani theluthi mbili, au ikae chini ya paa la makuti linaloruhusu jua la asubuhi na kuzuia la mchana. Ipakwe rangi nyeusi kwanza ili mwanga usipenye ukaotesha utando wa kijani ndani, kisha nyeupe juu yake ili joto lirudi. Rangi ya mafuta inafaa kuliko chokaa, kwa kuwa chokaa ikidondokea majini hupandisha pH. Nafasi ya hewa ya vidole vinne iachwe kati ya maji na kifuniko, kwani mizizi inayoota katika nafasi hiyo hupumua hata umeme ukikatika na pampu ikanyamaza.

Siku yenyewe

Maji hubadilishwa jioni, jua likishapoa, ili mmea upate usiku mzima wa kuzoea. Maji mapya yatayarishwe mapema na yakae kivulini, yasiwe ya moto kutoka kwenye mpira uliolala juani. Virutubisho viyeyushwe kwa zamu: kalisi peke yake katika chombo kimoja, fosfati na salfeti katika kingine, kisha viingizwe kwenye maji mengi kimoja baada ya kingine. Vikikutana vikiwa vikali, huganda kama unga mweupe na kuzama chini, na mmea haupati kitu. Dukani mtu awe macho: CAN si sawa na nitrati ya kalisi, ingawa majina yanakaribiana. CAN ina amonia na unga wa chokaa usioyeyuka vizuri. Ni mbolea ya shamba. Urea nayo haifai ndani ya ndoo, kwa sababu hutegemea bakteria wa udongoni kuibadilisha kabla mmea haujaila vizuri.

Mmea mdogo huhamishwa pamoja na kifuniko chake: ndoo mpya iko tayari, kifuniko kinanyanyuliwa na mizizi yake, kinatuliwa upande wa pili, na kazi imekwisha kabla mizizi haijakauka. Mnyanya uliokwisha kufungwa kwenye kamba hauwezi kunyanyuliwa. Huo utolewe maji kwa koki ya chini kama ipo, au kwa mpira: mpira ujazwe maji kwanza, ncha moja izibwe kwa kidole, ndipo uingizwe ndoani na ncha ya pili ishushwe chini. Usiuvute kwa mdomo. Yale ni maji ya mbolea.

Kosa linaloua mimea mingi siku hii ni kujaza sana. Kama maji yaliachwa yashuke taratibu kwa siku kadhaa, mizizi ya juu ilijizoesha hewa ikaota vinyweleo vyake. Ukiyarudisha maji mapya mpaka shingoni, mizizi hiyo huzama na kufa, na mmea hunyauka huku umesimama majini. Jaza mpaka pale maji yalipokuwa kabla ya kutolewa au chini kidogo, kamwe usifike kwenye mizizi ya hewa.

Mavuno yakiisha, ndoo isuguliwe na kulowekwa kwa jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kisha isuuzwe vizuri na kuanikwa juani. Jiki isikutane na asidi ya kushushia pH, wala siki, wala limau: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kokoto huoshwa na kutumika tena. Makumbi yanataka uangalifu wa pekee katika pwani hii, kwa kuwa makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike, nayo hutoka yamejaa chumvi. Kwa ndoo tumia makumbi makavu ya nazi zilizofuliwa nyumbani, na hata hayo yaloweshwe maji baridi na kukamuliwa mara kadhaa kabla ya kuwekewa mche.

Mbu hataki ndoo kubwa

Bagamoyo ina heshima yake katika vita dhidi ya malaria. Katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo mjini hapa, watoto wa Kitanzania walianza kupewa chanjo ya RTS,S kwa majaribio makubwa mwaka 2009, na ni chanjo hiyo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa Afrika mwaka 2021. Mji wenye historia hiyo haupaswi kufuga mbu ndani ya ndoo za mboga.

Hatari ya karibu zaidi katika vyombo vya maji ni dengue. Jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na milipuko yake mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake, Aedes aegypti, anapenda vyombo vya nyumbani, naye hutoka yai hadi mbu kamili kwa takriban siku 7 hadi 10 katika joto letu. Jambo ambalo kila mwenye ndoo analazimika kulijua ni kwamba huyu hatagi juu ya maji tu. Hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri kuloweshwa. Kumwaga bila kusugua hakutoshi. Ukitia maji mapya kwenye ndoo isiyosuguliwa, unayaangua. Kila mara maji yanapotoka, kuta za ndani zisuguliwe kwa brashi, na tundu la kifuniko lizibwe kwa kipande cha chandarua au sponji kuzunguka shina.

Yanakwenda wapi?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Maji yanayotolewa kwenye ndoo bado yana chakula. Hata yakibaki na miligramu 100 za nitrojeni kwa lita, hizo zikiwa nitrati ni zaidi ya miligramu 440, karibu mara tisa ya kiwango cha miligramu 50 ambacho Shirika la Afya Duniani linakiruhusu katika maji ya kunywa. Nitrati nyingi ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaopewa maziwa ya kukorogwa kwa maji ya kisima, kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Na mchanga wa pwani hauchuji kitu: kinachomwagwa leo kando ya kisima kifupi kitachotwa na ndoo ya kunywea baadaye.

Kwa hiyo yasimwagwe karibu na kisima, wala mtaroni yaelekee baharini. Yana kazi. Ndoo kumi za yule mama wa Kiromo zikimwagwa kila siku 8 hutoa, kwa kiasi hicho na kwa mwaka mzima, nitrojeni inayozidi ile ya kilo moja na nusu ya urea, pamoja na potasiamu, kalisi na magnesi. Migomba na mipapai ya uani itaishangilia, ilimradi isimwagiwe sehemu moja kila siku, na masika yaje kuosha udongo. Maji yaliyoshika chumvi nyingi yapelekwe kwa mnazi, mti unaovumilia sodiamu na unaoihitaji kloridi kuliko mimea mingi. Bustani ya ardhini ya mchicha ipewe yale tu yaliyotoka kwenye ndoo zenye maji ya mvua au ya bomba.

Tunachopaswa kufanya

Haya hayamhitaji mtu kuwa mtaalamu, lakini yanahitaji kufundishwa kwa mpangilio unaofaa. Maafisa ugani wa kata za mwambao, na vikundi vya vijana na akina mama vinavyopata mafunzo ya haidroponiki, waanze na maji kabla ya mbegu. Kila kikundi kiwe na kalamu moja ya EC na moja ya pH za kuazimana, na daftari la visima vya wanachama likionyesha vipimo vya Machi na Oktoba. Daftari hilo litawafaa hata wasiolima, kwa sababu kisima kinachopanda chumvi mwaka hadi mwaka ni habari ya mtaa mzima. Kalamu haisemi chumvi gani imo majini. Kwa hilo kuna maabara za Wizara ya Maji na za vyuo kama Sokoine mjini Morogoro.

Anayefikiria kununua ndoo za kuanzia mwezi huu, au kuongeza nyingine juu ya alizonazo, aahirishe ununuzi huo kwanza. Achukue chupa safi ya plastiki, aisuuze kwa maji ya kisima chake mara tatu, aijaze mpaka juu bila kuacha hewa, aifunge na kuiandika tarehe, kisha aipeleke maabara na kuomba vipimo vya EC, pH, sodiamu na kloridi. Majibu atakayopewa yatamwambia alime nini, amwage kila baada ya lita ngapi, na kama anahitaji kujenga tangi la mvua kabla ya vuli.